Kahawia kwenye kipimo cha p53 si lazima iwe saratani

Barazani Ngamiani, Tanga, kahawa ikimiminwa, husikika hivi: kinyama kilichotolewa mwilini kwa uchunguzi kikitiwa kingamwili maabara kikageuka kahawia, ni saratani, kikibaki buluu, mtu yu salama. Ni rahisi kuamini hivyo, maana majibu yenyewe huandikwa "chanya" na "hasi".

Kingamwili hiyo kazi yake ni kunasa protini moja iliyokusudiwa, na kahawia huonyesha iliponaswa, basi. Chukua p53, protini inayoshika DNA na kuamua jeni zipi ziwashwe, ili seli iliyoharibika isimame au ife. Seli zenye afya nazo zinayo kidogo, kwa hiyo viini vichache vya seli vyenye kahawia hafifu ni kawaida. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini hurundikana na viini hukolea karibu vyote. Ila upo uharibifu unaoifuta protini hiyo kabisa, na hapo buluu tupu ndiyo ya kutia shaka. (Hata mimi hili lilinichukua muda kulimeza.)

Ukiwa na ripoti mkononi, usiishie kwenye "chanya". Soma hitimisho, kisha muulize daktari: ilitafutwa protini gani, na seli za kawaida zilizo pembeni zilipata rangi? Kama nazo hazikupata hata chembe, huenda kipimo chenyewe ndicho kilichofeli.