Presha ya tairi baridi: baridi ipi hasa?

"Punguza kidogo, Kisumu kuna joto." Maneno haya huyakosi ukipitia vituo vya mafuta kutoka Nakuru hadi Mau Summit, na kijana wa upepo huyasema kwa imani kamili. Mwenye gari la kulala, lile lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, anaitikia kwa kichwa. Upepo unatolewa, safari inaendelea. Wote wawili wamewahi kusikia kwamba presha hupimwa tairi likiwa baridi, ila baridi yenyewe wameielewa kama hali ya hewa.

Maana yake ni fupi. Tairi baridi ni lile ambalo halijatembea kwa muda wa saa tatu hivi, au limetembea chini ya kilomita mbili, tena halikukaa juani. Namba ya mtengenezaji, iwe kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au ubavuni mwa tairi, ni ya hali hiyo.

Kwa hiyo tunazungumzia tairi lililopumzika. Lililolala kivulini Dunga kando ya ziwa, usiku ambao hata shuka huitaki, asubuhi ni baridi. Lililotoka Molo kwenye ukungu likateremka Kericho huku likinyeshewa si baridi, hata ukiligusa ukaona limepoa. Kulimwagia maji nako ni kujidanganya: unapoza mpira wa nje, na hewa iliyo ndani inabaki na joto lake. Ni kama presha ya mwili. Muuguzi hakupimi ukiwa bado unahema kwa kupanda ngazi, hata kama nje kuna kipupwe.

Tairi likitembea hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto. Presha ya gari dogo hupanda PSI (kipimo cha presha kwenye geji) nne hadi sita, ya gari zito hupanda zaidi. Mtengenezaji analijua hilo na amelipangia nafasi. Ukitoa upepo tairi likiwa na moto ili geji irudi kwenye namba ya kibandiko, kesho asubuhi tairi hilo litakuwa pungufu. Tairi pungufu hujikunja zaidi, hivyo hupata moto zaidi, na hatimaye ubavu hupasuka. Aliyepunguza kwa kuogopa joto ndiye aliyeliita. Hapa ndipo ninapokosa subira, kwa sababu ushauri huu hutolewa kwa jina la usalama.

Sasa hiyo Kisumu. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,130 hivi. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje, na kadiri unavyoteremka hewa ya nje huwa nzito zaidi. Mteremko huo peke yake hupunguza karibu PSI moja kwenye geji. Asubuhi ya Kisumu nayo ina joto kuliko ya Nakuru, na joto hilo huongeza PSI moja au mbili. Karibu zinafutana. Hakuna presha ya Nakuru na presha ya Kisumu. Kuna presha ya mzigo.

Na mzigo ndio magari ya kulala husahau. Gari lililotoka Japani likiwa la mizigo au la abiria, kisha likatiwa kitanda na friji huku, bado lina kibandiko cha zamani, mara nyingi kwa kipimo cha kPa (240 ni kama PSI 35). Kibandiko hicho hakijui kwamba umebeba lita mia za maji, ambazo ni kilo mia nzima. Gari la namna hiyo lipimwe kwenye mizani likiwa limejaa, kila ekseli, yaani magurudumu ya mbele na ya nyuma, peke yake, kisha presha itafutwe kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi. Namba ya ubavuni haichukui nafasi ya jedwali hilo. Namba hiyo huonyesha kikomo, yaani uzito mkubwa kabisa ambao tairi linaweza kubeba na presha inayohitajika kuubeba. Na aghalabu neno la Kiingereza la baridi limechapwa pembeni yake, ila nani huinama kusoma.

Basi kijana wa upepo pale Ahero akiuliza apunguze ngapi, mwambie kwa upole asipunguze. Asome tu namba za magurudumu yote, pamoja na yale ya ndani ikiwa nyuma yamepangwa mawili mawili. Gurudumu likisoma juu sana kuliko wenzake na ringi yake inachoma mkono, kagua breki na bearing kabla ya kulaumu upepo. Likisoma chini ya namba ya asubuhi ilhali limetoka safarini, hapo mwache aongeze, hata kama lina moto, kisha litafutwe pancha. Mengine yangoje alfajiri, kabla hujawasha injini.