Tiki mbili za buluu

Dhana: Kujibu ujumbe wa mgonjwa ni kazi ya dakika moja.

Kuandika "endelea na dawa" kweli ni dakika moja. Lakini kabla yake daktari amefungua faili, ametazama sukari ilikuwa ngapi mara ya mwisho, amejiuliza kama figo zitahimili dozi ile. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 ulikuta madaktari wa familia wakitumia dakika 85 hivi kwa siku kwenye kikasha cha ujumbe peke yake. Hapa Nairobi kikasha hicho mara nyingi ni WhatsApp, kwenye simu ileile yenye kundi la chama na kamati ya harusi ya binamu. Dakika zake hazimo kwenye ratiba ya zamu.

Dhana: Wagonjwa ndio wasumbufu.

Kwa sehemu tu. Utafiti mwingine wa huko Marekani, wa 2019, ulihesabu wastani wa jumbe 243 kwa daktari mmoja kwa wiki. 114 kati ya hizo zilitoka kwenye mfumo wenyewe wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa. Hospitali inayonunua mfumo mpya ingeuliza kwanza nani ana ruhusa ya kuzima arifa zisizo na maana.

Dhana: Akili unde itamaliza kazi hiyo.

Bado. Madaktari wa San Diego walipoandikiwa rasimu za majibu, matokeo yaliyotoka 2024 yalionyesha muda wa kusoma ukiongezeka kwa takriban asilimia 22, na ule wa kujibu haukupungua.

Dhana: Daktari akichoka, wikendi moja Naivasha itamponya.

Naivasha ni kuzuri, sikatai. Ila Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza uchovu huu kuwa unatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa vyema, na Jumatatu kikasha kitamngoja kikiwa kimenenepa. Kinachosaidia ni mgawanyo: namba moja ya kliniki, muuguzi wa zamu akichuja. Miadi na maswali ya SHA, bima ya afya ya umma, yaende mapokezi, dawa za kuongezewa zipitie kwa mfamasia, na daktari apewe yanayohitaji uamuzi wake, kwa saa iliyotengwa na kulipiwa.

Dhana: Daktari mwenye utu hujibu hata saa nane usiku.

Mtoto akishikwa na degedege saa hiyo, usichape ujumbe ukingoja tiki zigeuke rangi. Mkimbize kasualti. Aliye macho yuko huko.