Kuwajibika kwa historia: pole si nisamehe

Mtu akifiwa unampa pole. Akiugua, pole. Akijikwaa mbele yako, pole, ingawa jiwe si lako. Lakini ukimkanyaga wewe mwenyewe, ukasema pole na kushika njia yako, atakutazama mara mbili: umeniumiza, halafu unanihurumia? Hapo neno linalotakiwa ni nisamehe, au niwie radhi. Pole yaweza kutoka kwa yeyote aliyeshuhudia. Nisamehe hutoka kwa aliyetenda.

Ukiishika tofauti hiyo, umeishika nusu ya dhana ya kuwajibika kwa historia. Maana yake ni dola ya leo kukiri kwamba ovu fulani lilitendwa kwa jina lake, hata kama waliolitenda wamekwisha kufa, na kukubali yanayofuata baada ya kukiri: kueleza ukweli wote, kuomba radhi, kulipa au kurudisha kilichochukuliwa, na kuwafundisha watoto kisa chenyewe bila kukipaka rangi. Ina ndugu yake anayeitwa haki ya mpito, lakini huyo ana eneo dogo zaidi: hutumika pale nchi inapotoka vitani au katika udikteta na bado wauaji na waliopoteza watu wao wanakutana sokoni. Kuwajibika kwa historia hakuna kikomo hicho cha muda, na ndiyo maana kunazua ubishi mkubwa zaidi.

Chukua kisa cha Mau Mau. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitangaza hali ya hatari, na watu kwa maelfu wakatiwa kambini, ambako wengi walipigwa na kuteswa. Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Maelezo ya kwanza ya serikali yalikuwa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Nusu karne ilipita kabla ya wazee walionusurika kufungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, mwaka 2009. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwamba dhima ilikwisha kuhamia kwa serikali ya Kenya wakati wa uhuru. Hoja hiyo ilipogonga mwamba, ikasema muda umepita mno. Katikati ya kesi yakaibuka majalada ya kikoloni, maelfu kwa maelfu, yaliyokuwa yamefichwa katika jengo la serikali huko Hanslope Park, yakiwa yametoka katika makoloni 37.

Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama bungeni. Alitambua kwamba Wakenya waliteswa, akasema serikali yake inasikitika kwa dhati, akatangaza malipo kwa walalamikaji 5,228. Jumla ilikuwa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. Katika kauli hiyohiyo alisema pia kwamba serikali bado inakana dhima ya kisheria. Kwa hiyo walilipwa, lakini na aliyesema hadaiwi. Ukiniuliza mimi, hiyo ilikuwa pole, tena pole yenye risiti.

Serikali hazikosei maneno haya kwa bahati mbaya. Hotuba za namna hiyo hupitiwa na wanasheria, na wanasheria wanajua kwamba nisamehe ni kukiri, na kukiri ni ushahidi. "Tunasikitika" haimfikishi mtu mahakamani. Ndiyo sababu Kanada ya mwaka 2008 inatajwa sana: Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni, viongozi wa wenyeji wa asili wakiwa wameketi humohumo ukumbini, kwa ajili ya watoto zaidi ya 150,000 waliotenganishwa na wazazi wao na kupelekwa shule za bweni ili wapoteze lugha na mila zao. Alilitaja kosa kwa jina. Alimtaja mkosaji pia, na mkosaji alikuwa serikali. Ila tukumbuke kwamba kesi za fidia zilikuwa zimekwisha kumalizwa kwa makubaliano kabla ya hotuba, na radhi hutamkika kwa urahisi zaidi deni likijulikana kiasi chake.

Pingamizi linalorudi kila mara ni hili: mimi sikuwapo. Kijana wa miaka 20 ana kosa gani kwa risasi iliyopigwa mwaka 1904? Hana, na anayemwambia analo anamwonea. Hatia ni ya mtu, na huzikwa naye. Lakini dola haizikwi na mtu. Hurithi mipaka, mikataba, majengo, hata sifa za mashujaa wasiojulikana na yeyote aliye hai. Wanaojua mambo ya mirathi wanajua pia utaratibu wake: deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki.

Serikali zenyewe zinalijua hilo, zikitaka. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Watumwa hawakupata hata senti. Fidia ilikuwa ya mabwana zao, kwa kupotezewa mali. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na Hazina ya Uingereza imeeleza kwamba deni hilo lilikwisha kulipwa mwaka 2015. Yaani walipa kodi wa karne ya 21, wakiwamo wajukuu na vitukuu wa watumwa walewale, walikuwa bado wanachangia malipo ya wamiliki wa babu zao, na hakuna waziri aliyesimama kusema sikuwapo.

Picha inayotajwa zaidi katika mjadala huu ni ya Willy Brandt. Tarehe 7 Desemba 1970, kansela huyo wa Ujerumani Magharibi alikwenda kuweka shada mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi waliopambana na Wanazi mjini Warsaw, na ghafla akapiga magoti. Hakusema neno. Kinachosahaulika ni kwamba Brandt mwenyewe alikuwa mpinzani wa Hitler aliyekimbilia Norway na kisha Sweden. Kama kuna Mjerumani aliyekuwa na haki ya kusema sikuwapo, ni yeye. Alipiga magoti kwa sababu ya cheo alichobeba. Nyumbani hakushangiliwa: kura ya maoni iliyochapishwa na jarida la Der Spiegel ilionyesha asilimia 48 wakisema amezidisha, 41 wakimuunga mkono.

Wengine hawakatai kosa, wanakataa kulifukua. Hawa wana methali tayari: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri kwa ugomvi wa mke na mume. Uhispania iliijaribu kwa nchi nzima. Baada ya dikteta Francisco Franco kufa mwaka 1975, vyama vikubwa vilikubaliana kutoyafukua ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na udikteta uliofuata, na sheria ya msamaha ya mwaka 1977 ikafunga milango ya mahakama. Nchi ilitulia kweli, na nisingependa kulidharau hilo. Waliouogopa moto kuwaka tena hawakuwa wajinga. Lakini kufikia mwaka 2000 wajukuu walikuwa wameanza kuchimba kando ya barabara kutafuta mifupa ya babu zao, sheria ya kumbukumbu ya kihistoria ikapita mwaka 2007, na Oktoba 2019 Franco mwenyewe akatolewa katika kaburi lake la fahari. Methali inasema yaliyopita si ndwele. Kwa asiyejua babu yake amezikwa wapi, hayajapita.

Afrika Kusini, ilipotoka katika utawala wa ubaguzi wa rangi, ilichagua njia nyingine, na matokeo yake yamechanganyika kuliko sifa zake. Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu ilianza vikao vyake mwaka 1996 kwa mapatano magumu: eleza yote uliyotenda kwa sababu za kisiasa, nasi tutakusamehe kisheria. Zaidi ya watu 7,000 waliomba. Waliopewa ni 849. Walionyimwa na wasiofika kabisa walipaswa kushtakiwa, lakini kesi zilizofunguliwa zilikuwa chache mno, kiasi kwamba mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa aliunda tume nyingine ichunguze madai kwamba kuna waliozizuia. Walioumizwa, kwa upande wao, waliishia kupewa randi 30,000 kwa mara moja. Ukweli walipata. Nusu ya pili ya mapatano bado wanaidai.

Fidia, basi, ni malipo ya nini hasa, maana damu haina bei? Israel ilipojadili mwaka 1952 kama ipokee fedha za Ujerumani Magharibi, waandamanaji walilirushia bunge mawe. Kwao kupokea ilikuwa kuuza maiti. Mkataba ulitiwa saini hata hivyo, marki bilioni 3 kwa Israel, na malipo kwa manusura binafsi yakafuata kwa sheria nyingine. Lakini Ujerumani hiyohiyo, ilipokubali Mei 2021 kwamba mauaji ya Waherero na Wanama wa Namibia ya 1904 hadi 1908 yalikuwa ya kimbari, iliahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30 na ikaziita msaada wa ujenzi na maendeleo, ikifafanua kwamba hazifungui madai ya kisheria. Viongozi wengi wa jamii hizo walikataa, wakilalamika kwamba mazungumzo yalikuwa kati ya serikali mbili huku wao wenye marehemu wakiwa pembeni. Neno lina uzito hapa: anayetoa msaada hushukuriwa, na anayelipa deni hashukuriwi.

Mpaka hapa nimesema habari za wakoloni, na kwa mwandishi Mwafrika hiyo ndiyo sehemu rahisi. Amri ya kikoloni iliyoharamisha Mau Mau iliendelea kuwa sheria ya Kenya huru hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Februari 1984 vikosi vya Kenya yenyewe viliwaua wanaume wengi wa Kisomali katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaliandika hilo katika ripoti yake ya mwaka 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Kumdai mgeni deni la babu yake kunaunganisha taifa. Taifa kulidai deni kwake lenyewe kunaligawa, kwa kuwa mdai na mdaiwa hupiga kura katika kituo kimoja.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, Tanzania, penye makaburi ya mashujaa wa vita vya Majimaji, akakutana na uzao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hakusema tunasikitika. Aliomba msamaha kwa waliyotendewa mababu wa watu aliosimama mbele yao. Ila inaaminika kwamba kichwa cha chifu kilipelekwa Ujerumani, na familia inakitaka ikizike pamoja na mwili wake. Steinmeier aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta katika makusanyo ya mafuvu yaliyoko huko, kisha akaongeza kwamba hawezi kuahidi kuwa kitapatikana.