Je, wajua kosa la kusikia linavyofichua asili ya hadithi za Mfalme Arthur?

Hadithi za Mfalme Arthur na mashujaa wake zilivuma Ulaya kwa Kifaransa, kuanzia karne ya 12. Wataalamu wanajuaje basi kwamba nyingi zina mizizi kwa Wakelti, yaani watu wa Wales, Bretagne (kaskazini-magharibi mwa Ufaransa) na Eire? Kufanana kwa visa hakutoshi, maana nyoka, majitu na panga za ajabu vimejaa katika ngano za kila taifa. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni kosa.

Mtazame Caradoc, mmoja wa mashujaa wa Arthur. Kwa Kiwelisi anaitwa Caradog Freichfras. Lakabu hiyo ina maneno mawili: breich ni mkono, na bras ni nene (b hugeuka f, inayotamkwa v). Maana yake ni Mkono-Mnene, sifa ya mtu wa nguvu. Masikio ya Kifaransa yalipokea Briebras. Kwa Kifaransa bras ndio mkono, na brief ni fupi. Maneno yakabadilishana kazi, na shujaa akawa Mkono-Mfupi! Jina jipya likadai sababu: katika mwendelezo wa hadithi ya Kifaransa ya Perceval, shujaa mwingine wa Arthur, takriban mwaka 1200, nyoka wa uchawi anamng'ang'ania mkononi hadi anamwachia kilema. Mwelisi asingekosea hivyo, na Mfaransa anayebuni jina lake mwenyewe asingekuwa na cha kukosea. Kosa hili huzaliwa pale tu lugha mbili zinapokutana, na linaonyesha jina lilikotoka na lilikokwenda.

Kisa hichohicho cha Caradoc kina jambo jingine. Mgeni anaingia ukumbini, anataka akatwe kichwa kwa sharti kwamba baada ya mwaka naye atalipiza. Anakatwa, anaokota kichwa chake, anaondoka. Mchezo huo umo katika Fled Bricrend, kisa cha Kieire kilichomo katika mswada uitwao Lebor na hUidre. Mmoja wa waandishi wa mswada huo, Máel Muire, aliuawa mwaka 1106 huko Clonmacnoise, monasteri ya Eire, kwa hiyo kazi yake ni ya kabla ya hapo. Umo pia katika utenzi wa Kiingereza kuhusu Gawain, shujaa wa Arthur, na shujaa wa kijani, mistari 2,530, uliosalia katika mswada mmoja tu wa takriban mwaka 1400. George Lyman Kittredge wa Harvard alilinganisha matini hizi mwaka 1916. Hakutegemea kichwa kilichokatwa peke yake, bali mnyororo mzima: sharti, kichwa kuokotwa, shujaa kutimiza ahadi, pigo lisiloua. Tofauti nazo zina maana. Katika kisa cha Kieire deni hulipwa siku ya pili. Kwa Kifaransa na Kiingereza husubiri mwaka. Hapo unaona utenzi wa Kiingereza uko karibu zaidi na upande upi.

Njia hii huharibika mtu anapolazimisha majina. Yvain mwana wa Urien wa Kifaransa ni Owain mwana wa Urien wa Kiwelisi bila shaka, kwa kuwa jina la baba nalo linaafiki. Lakini Gwalchmai, ambaye Wawelisi walimweka mahali pa Gauvain (ndiye Gawain kwa Kifaransa), jina lake haliunganiki na Gauvain kwa mabadiliko ya kawaida ya sauti. Roger Sherman Loomis, msomi mkubwa mno wa hadithi za Arthur, alilaumiwa kwa haki kwa kuwageuza mashujaa wengi kuwa miungu ya kale kwa kubadilisha majina kirahisi. Kila herufi inayobadilika lazima ipate sababu yake, ama ya matamshi ama ya mkono wa mnakili. Ukihitaji mabadiliko matatu yasiyo na mfano kwingineko, liache jina hilo.