Rekodi Zilizosalia Kwenye Klasta ya Cassandra: Zitambue Kabla ya Kuzifuta

Msimamizi wa mfumo anapoondoa seva kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, au anapofuta rekodi za mteja, hutarajia kwamba kilichoondolewa kimeondoka. Katika Cassandra, kanzidata iliyoanzia Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, mambo hayaendi hivyo moja kwa moja, kwa kuwa rekodi moja huhifadhiwa kwenye nodi kadhaa, yaani seva za klasta, na hakuna nodi iliyo kuu kuliko nyingine. Masalia ni ya aina mbalimbali, na dawa ya aina moja inaweza kuidhuru nyingine. Kwa sababu hiyo tunawasihi mafundi wasiguse faili wala jedwali lolote kabla hawajajua wanachokiona ni nini.

Tuanze na lalamiko la kawaida: programu ya taasisi inaendelea kutafuta anwani ya IP ya seva iliyoondolewa muda mrefu uliopita, ilhali amri ya nodetool status, mojawapo ya amri za nodetool, zana ya kuisimamia Cassandra, inaonesha nodi zote ziko UN, yaani ziko hewani na zinafanya kazi. Hitilafu yenyewe huja na kupotea, jambo linalowafanya wengi waulaumu mtandao. Ukweli ni kwamba kila nodi ina jedwali lake la ndani liitwalo system.peers, ambamo huandika nodi wenzake inazozifahamu. Programu ya mteja husoma jedwali hilo kwenye nodi iliyoifikia kwanza ili ijue nodi nyingine ziko wapi. Ikitokea nodi moja tu kati ya sita imebaki na safu (mstari wa jedwali) ya ile iliyoondoka, hitilafu itaonekana pale tu programu inapoanzia kwenye nodi hiyo.

Kwa hiyo uchunguzi hufanyika nodi kwa nodi. Ingia kwa cqlsh, programu ya kuandikia Cassandra maswali na amri, kwenye kila moja, andika SELECT peer, host_id FROM system.peers, kisha linganisha majibu na orodha ya nodetool status. Safu isiyo na mwenyewe huondolewa kwa amri ya DELETE kwenye nodi ile ile iliyoonekana, kwa sababu jedwali hili halinakiliwi kwingine. Hata hivyo, usiichanganye safu hiyo na kile unachokiona kwenye nodetool gossipinfo, amri inayoonesha habari ambazo nodi hupashana. Habari za nodi iliyoondoka kwa utaratibu huendelea kuzunguka humo kwa siku 3 zikiwa na hali ya LEFT, kisha hutoweka zenyewe.

Namna nodi ilivyoondolewa nayo ina uzito. Nodi iliyo hai huondolewa kwa nodetool decommission, inayoendeshwa kwenye nodi hiyo yenyewe, nayo huwakabidhi wenzake data kabla ya kuondoka. Nodi iliyokufa huondolewa kwa nodetool removenode pamoja na kitambulisho chake, na nodi zilizobaki hujaziana nakala zilizopotea. Amri ya nodetool assassinate hulifuta jina tu bila kuhamisha data yoyote, na inasikitisha kuona jinsi inavyopendekezwa haraka, wakati inafaa kutumika baada ya njia zote nyingine kushindikana.

Aina ya pili ni nzito zaidi: data iliyofutwa ikafufuka. Cassandra haifuti papo hapo, bali huandika alama ya ufutaji yenye muda wake, na alama hiyo hutunzwa kwa sekunde 864,000, yaani siku 10, kwa mujibu wa mpangilio wa gc_grace_seconds. Chukulia rekodi yenye nakala tatu, kwenye nodi A, B na C. Rekodi inafutwa wakati C imezimika. Wenzake huiwekea C ujumbe wa ufutaji huo kwa saa 3 tu kwa mpangilio wa kawaida, na baada ya hapo huacha. C ikirudi baada ya siku 10, huenda A na B zimeshaiondoa alama wakati wa kuunganisha faili za data, na nakala ya zamani iliyoko C itahesabiwa kuwa rekodi halali na kurudishwa kwa wenzake. Kinga yake ni kuendesha nodetool repair, inayolinganisha nakala na kuzisawazisha, kwenye klasta nzima kabla siku hizo hazijaisha, kila mzunguko. Nodi iliyozimika kupita muda huo isirudishwe na data yake. Ifutwe na kubadilishwa kwa nodi mpya.

Kuna wanaoshauri gc_grace_seconds ishushwe hadi sifuri pale usomaji unapokuwa mzito kwa wingi wa alama. Ushauri huo unapunguza mzigo na kuufungulia mlango ufufukaji tuliousema. Kagua pia saa za seva: ikiwa saa ya nodi au programu iliyoandika ilitangulia, uandishi wake utaushinda ufutaji uliofuata, na rekodi itaonekana kana kwamba imekataa kufutika.

Masalia mengine hujaza diski tu. Baada ya kuongeza nodi, za zamani hubaki na data isiyo yao tena hadi nodetool cleanup iendeshwe kwenye kila moja, mpya zikishamaliza kujiunga. Jedwali likifutwa kwa DROP, au data yake yote ikiondolewa kwa TRUNCATE, Cassandra huchukua kwanza nakala ya tahadhari, ambayo huonekana kwa nodetool listsnapshots na kuondolewa kwa nodetool clearsnapshot.

Nakala hizo zina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 humpa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe. Taasisi isimjibu mwombaji kwamba taarifa zake zimefutwa kabla repair haijakamilika kwenye nodi zote, alama za ufutaji hazijapita muda wake na faili kuunganishwa, na nakala za tahadhari zenye jina lake hazijaondolewa kwenye kila seva.