Bahasha ya Kaki Siyo Habari Yenyewe: Yanayoaminiwa Kuhusu Kampuni Kubwa Kanda ya Ziwa

Huku kwetu mazungumzo ya kampuni kubwa hayaishi. Migodi iko Geita, Kahama na Tarime, viwanda vya samaki vimejipanga ukingoni mwa ziwa hapa Mwanza, na pamba ilikuwapo kabla ya hayo yote. Ukipanda daladala kutoka Buhongwa hadi Kirumba utasikia nani anaiendesha nchi, kwa shilingi ngapi, na nani alimpelekea nani. Mengine ni kweli. Mengine yanamfanya mwenye haki ya kulalamika apeleke malalamiko mahali ambapo hakuna mtu.

“Kampuni zinaitawala serikali kwa bahasha.”

Rushwa ipo, na ushahidi upo. Mwaka 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ambayo Standard Bank ililipa kwa kushindwa kuzuia rushwa: benki dada yake ya hapa nchini, Stanbic, ilitoa dola milioni 6 kwa kampuni ya Dar es Salaam ili zipate kazi ya kuitafutia serikali mkopo wa dola milioni 600. Tanzania ikarudishiwa hizo milioni 6 pamoja na riba, jumla milioni 7 na ushei.

Lakini ukichukua kalamu na karatasi, bahasha ni kitu kidogo. Fedha nyingi zimeondoka kwa karatasi halali, yenye mihuri, iliyosainiwa mchana kweupe.

Chukua Sheria ya Madini ya 1998. Mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ambayo mgodi unailipa serikali kwa madini unayochimba, uliwekwa asilimia 3, tena ukikokotolewa baada ya kutoa gharama za kusafirisha na kuyeyusha. Chini yake kukawa na mikataba ya uendelezaji wa migodi, na ndani ya mikataba hiyo kifungu kimoja kiliweka kikomo cha kile ambacho halmashauri ingelipwa: dola 200,000 kwa mwaka. Ushuru wa huduma wa kawaida, ule aliolipa mfanyabiashara yeyote mkubwa, ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 400 kwa mwaka, asilimia hiyo ni dola milioni 1.2. Halmashauri ikaambulia sehemu moja ya sita, na hapo hakuna afisa aliyehongwa wala sheria iliyovunjwa. Kifungu ndicho kilichofanya kazi, mwaka baada ya mwaka.

Tuwatendee haki waliosaini. Miaka ile wakia ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300, nchi ilikuwa imelemewa na madeni, na sheria yenyewe iliandikwa wakati Benki ya Dunia ikiwa mshauri wa sekta hiyo. Aliyekuja na mtaji na mawakili alikutana na asiye na hata kimoja. Ukikaa mezani katika hali hiyo, mwenzako ndiye anayeandika na wewe unasoma.

Sehemu inayoniudhi ni iliyofuata. Februari 2007, wakati serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba inaipitia upya mikataba ya madini, Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, akiwa jijini London. Mbunge wa upinzani, Zitto Kabwe, akahoji bungeni: kwa nini kule, na kwa nini sasa? Agosti mwaka huo Bunge likamsimamisha yeye. Kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto huyo huyo akawa mjumbe. Kazi ya kamati ile ndiyo iliyofungua njia ya sheria ya 2010, iliyopandisha mrabaha hadi asilimia 4 na kuukokotoa kwenye thamani ghafi. Swali lililomfukuzisha mtu likageuka sera ya serikali ndani ya miaka mitatu.

“Shule na zahanati ni hisani ya mgodi.”

Hii naisikia sana kwenye uzinduzi: utepe, ngoma, meneja anashukuriwa kama mjomba aliyerudi kutoka Ulaya, na diwani anasimama pembeni akipiga makofi.

Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, aukubaliane na halmashauri, na mpango huo ufuate vipaumbele vya halmashauri. Halmashauri ndiyo inayouidhinisha na kuusimamia, na imepewa wajibu wa kuwaeleza wananchi kuhusu miradi yenyewe. Kwa hiyo darasa likijengwa bila madirisha, au fedha zikaishia kwenye uwanja wa mpira wakati kijiji kinachota maji bwawani, wa kuulizwa kwanza yuko ofisi ya halmashauri.

Na mpango huo usichanganywe na ushuru wa huduma. Ushuru ni mapato ya halmashauri na unaingia kwenye bajeti yake. Wapo viongozi wanaofurahi vitu hivi viwili vikichanganywa, kwa sababu ukishaamini kwamba kila kitu ni zawadi, hutauliza ushuru umekwenda wapi.

“Kampuni kubwa haigusiki.” Na pacha wake: “Tuliwakomesha.”

Nazitia pamoja kwa sababu mwaka 2017 zilikuwa zinasemwa na watu wale wale, wiki tofauti.

Machi 2017 Rais Magufuli, mtu wa Chato, ukingoni mwa ziwa hili hili, alizuia usafirishaji wa makinikia, ule mchanga wenye madini, kwenda nje. Zikafuata kamati mbili, ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro. Julai, Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikapelekewa ankara ya dola bilioni 190: 40 za kodi, 150 za riba na adhabu. Hiyo ilizidi mara tatu pato la mwaka la taifa zima. Utani wa kila Mtanzania kugawiwa gari la Noah ukavuma mpaka ukachosha.

Noah hazikuja. Mwaka 2019 Barrick, kampuni ya Canada iliyokuwa na hisa nyingi zaidi, iliwanunua wanahisa wengine wa Acacia, jina la Acacia likafutika, na mgogoro ukamalizwa kwa ahadi ya dola milioni 300. Ikaundwa Twiga Minerals, serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na makubaliano kwamba faida za kiuchumi zigawanywe nusu kwa nusu. Sheria nazo zilikuwa zimebadilika: mrabaha wa dhahabu asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1.

Anayesema kampuni haigusiki amepitwa na hayo. Anayesema tuliwakomesha asome tena tarakimu, kutoka bilioni 190 hadi milioni 300, kisha akumbuke kwamba katikati ya mvutano Bulyanhulu ilipunguza shughuli na wafanyakazi wakaachishwa. Uwezo wa kufunga geti la mgodi ni nguvu kubwa kuliko wakili yeyote. Mama anayeuza chakula Kakola, jirani na mgodi huo, aliihisi kabla ya waziri.

Kuna na mahakama za usuluhishi za nje. Kwenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, serikali ilifuta leseni ya kuhodhi eneo, ikashtakiwa, ikashindwa mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 90. Ila hata huko hatushindwi kila mara. Katika kesi ya City Water, ile kampuni ya maji ya Dar es Salaam iliyofukuzwa mwaka 2005, mwanahisa wake mkubwa wa Uingereza hakupata fidia hata senti.

“Bei ya sangara inapangwa na soko.”

Soko lipi? Nenda mwaloni wowote, Igombe, Kayenze au kambi za visiwani, uulize nyavu ni za nani. Mara nyingi jibu linapanda ngazi: kiwanda kimempa wakala fedha, wakala amemkopesha mwenye mtumbwi nyavu, mashine na mafuta, na mwenye mtumbwi ana vijana wanaoingia majini kwa mgawo. Aliyekopeshwa hauzi anakotaka. Akisikia upande wa pili bei imepanda, atasikia tu, kwa sababu samaki wake wana mwenyewe tangu hawajavuliwa. Hakuna sheria inayomlazimisha. Deni linatosha.

Wengi wanaishia hapo na kumlaumu mwenye kiwanda. Panda ngazi moja zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa Ziwa Viktoria baada ya taarifa kutoka Uganda kwamba kuna wanaovua kwa sumu. Haikuwa mara ya kwanza kufungiwa katika miaka ile. Viwanda vya Mwanza vilivyokuwa vikimpangia mvuvi bei vikajikuta vyenyewe havina sauti. Ili soko lifunguliwe, serikali ilipaswa kuimarisha ukaguzi, kuweka maabara ya samaki Nyegezi, na kuboresha mialo iwe na sakafu safi, maji na barafu. Kwa hiyo masharti yaliyotungwa Brussels ndiyo yanayomwambia mchuuzi wa Kirumba samaki walazwe wapi. Sisemi masharti ni mabaya. Samaki salama ni salama kwetu pia. Ninachosema ni kwamba mnunuzi mmoja mkubwa anaweza kufanya ndani ya miezi kile ambacho vikao vyetu vilikuwa vinakipigia danadana miaka nenda rudi.

Wakati minofu inapanda ndege, wengi wetu tulikua na mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, kwenye sufuria. Siku hizi hata bondo, ule mfuko wa hewa tumboni mwa sangara, limepata mnunuzi wake wa Asia, kilo yake ikiishinda minofu kwa mbali, na ugomvi wa nani apate bondo, mvuvi au kiwanda, unaendelea.

“Tatizo ni wageni tu.”

Wakulima wa pamba watacheka. Vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vilivyojengwa miaka ya 1950 na Paul Bomani na wenzake vilikuwa na nguvu kuliko kampuni nyingi za leo, na baadaye navyo vikawa na ubabe wao na madeni yao kwa mkulima. Ununuzi ulipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, wenye viwanda vya kuchambua pamba wakashika nafasi, wengi wao Watanzania. Nao wanakopesha mbegu na dawa. Baadhi wamewahi kukaa bungeni, mahali sheria za pamba zinapopitishwa.

Na nani anayelipia kampeni? Hadi 2006 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu ndiyo iliyofuta vifungu vile baada ya mashirika ya haki za binadamu kushtaki. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010. Fulana, malori na mafuta ya msafara bado vina mtu anayevilipia, na kwa kawaida mtu huyo anazungumza Kiswahili kizuri kabisa.

“Mikataba ni siri, mwananchi hawezi kujua kitu.”

Nusu kweli. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji (madini, mafuta na gesi) ya 2015 inataka mikataba ichapishwe, na utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Lakini taarifa za malipo ya migodi kwa serikali zinatolewa na TEITI, chombo cha uwazi wa tasnia hiyo, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inawekwa mezani bungeni kila Aprili, na Bunge tangu 2017 lina mamlaka ya kuagiza masharti hasi kwenye mikataba ya maliasili yajadiliwe upya. Chini kabisa kuna baraza la madiwani, ambalo vikao vyake ni vya wazi. Viti vya wananchi huwa vitupu, isipokuwa ajenda ikiwa ni viwanja.