Si jua la Mombasa linalowasha injini

Hapa Mombasa wengi huamini kwamba gari la spoti likishika moto kwenye injini, chanzo ni jua letu na mwendo wa kasi. Imani hiyo inaeleweka: ukikwama kwenye foleni ya Makupa saa nane mchana, boneti haigusiki.

Lakini hewa yetu hufika nyuzi 33 hivi za Selsiasi, na petroli haijiwashi yenyewe mpaka ipite 250. Kinachofika huko ni ekzosi na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa), ambazo kwenye magari haya huweza kupita nyuzi 500, tena zimebanana na paipu za mafuta. Petroli au oili ikivujia hapo, moto unaweza kuanza. Waya wa redio uliounganishwa bila fyuzi ni hatari vilevile.

Jikagulie mwenyewe injini ikiwa imepoa. Nusa kwanza. Kisha pinda kidogo paipu ya petroli: ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, ibadilishwe leo hii. Tazama na klipu zake, maana chumvi ya bahari huzila. Moshi ukitokea, zima injini, mshuke wote, na msifungue boneti. Hewa huuchochea moto.